Meno Yaliyohamia Moyoni

Georgina alikuwa nyuma ya nyumba yake, Nshambya, anageuza kahawa kwenye jamvi, wakati mwanamke mmoja mnunuzi alipomletea habari za mtaa wa Kashai. Mwanamke huyo alifuata akamwani, zile buni zinazochumwa kabla hazijaiva, zikachemshwa na majani ya harufu, zikakaushwa kwa ajili ya kutafuna. Akiwa anachambua zenye ukungu na kuziweka pembeni, alisema kwamba Zahoro, yule wa bodaboda, amezikwa, na kwamba waliomwosha walisikia kifua chake kinatafuna. Si kwamba kilikuwa kinapiga. Kilikuwa kinatafuna, taratibu, kama mtu aliyekaa kwenye maongezi. Kiliendelea hivyo mpaka udongo ulipomfunika, ndipo kikanyamaza.

"Kilikuwa kinatafuna nini?" Georgina aliuliza.

"Hawakuuliza. Wangemuuliza nani, waitu? Mwenye kifua hasemi."

Mwanamke akafungiwa akamwani zake kwenye ganda la mgomba, akaenda zake. Georgina akaendelea kugeuza kahawa. Alikuwa mtu wa kusikia mengi, maana wanaonunua kahawa ya kutafuna ni watu wa maneno, na mengi aliyoyasikia yaliingia sikio hili yakatokea lile. Hili lilikaa. Alilikuta jikoni anapomenya ndizi. Alilikuta kanisani wakati wa sadaka. Hata alipopiga magoti kung'oa magugu kwenye kibanja lilikuwa limeshafika, linamsubiri kwenye mgomba unaofuata.

Sababu alikuwa nayo. Mwanawe Avit alikuwa anatoka damu kwenye fizi.

Avit alikuwa kijana mtu mzima, wa umri wa kuoa, na kazi yake ilikuwa kuvua dagaa kisiwani Bumbire kwenye mtumbwi wa mzee mmoja, Ta Kahigi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukijaa hawaijali taa, basi mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanarudi kwao mpaka giza lirudi. Kipindi hicho wanakiita mbalamwezi. Kila mbalamwezi Avit alifika Nshambya na mfuko wa dagaa begani, na siku hizi kila mbalamwezi alifika amepungukiwa na jino.

La kwanza lilikuwa la mbele, chini.

"Umelitupa wapi?" mama yake aliuliza. Watoto walipong'oka meno nyumbani hapo yalirushwa juu ya bati, na Georgina hakuona kwa nini la mkubwa lipotee hovyo.

"Sijalitupa, Mae. Nililala nalo, nikaamka silo."

"Ulitafuta kwenye blanketi?"

"Nimekung'uta blanketi, nimechekecha mpaka mchanga."

Baba yake, Mzee Kamugisha, alisema labda amelimeza, na kilichomezwa hutoka. Halikutoka. Mbalamwezi iliyofuata likawa limeondoka la pembeni yake, nalo bila kuonekana, na baadaye moja la juu. Fizi zilizobaki zilikuwa zimevimba, nyekundu ya kuelekea zambarau, zimeachia meno kama udongo unavyoachia nguzo mvua ikizidi. Aking'ata muwa, muwa ulirudi na damu. Mdomo ulinuka. Majirani walisema hiyo ni damu chafu, iache itoke, ikiisha mwenyewe atapona. Ta Kahigi kule kisiwani alisema hivyo hivyo, akampa na gongo ya kusukutulia, ambayo si yote ilitemwa. Mswaki Avit aliuacha kabisa, maana aliona kila akiushika ndipo damu inapozidi.

Pamoja na hayo alianza kuchoka. Akipanda kile kilima cha kutoka barabarani alisimama katikati, akajifanya anaangalia ziwa. Jioni alipata homa ndogo, asubuhi shati lilikuwa limelowa.

Kuhusu kutafuna kwa kifua chake, hakuna aliyegundua, na hili nalo lina sababu yake. Nyumba ya Mhaya ni nyumba ya kutafuna. Mgeni hapewi kiti kikavu. Anapewa akamwani kabla hajaulizwa shida yake, na wenyeji wanachukua pamoja naye. Tena mtoto anafundishwa mapema kwamba kahawa inatafunwa mdomo umefungwa, bila papara. Kwa hiyo sauti ndogo ya kutafuna ilipokuwa inatoka upande wa Avit, naye mdomo ameufunga, wote waliona ni adabu. Georgina alishawahi hata kumsifu mbele ya wadogo zake.

Ilikuja kujulikana Muleba, siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Annastella.

Annastella alikuwa binti wa Ta Rutaihwa, fundi cherehani, na yeye na Avit walikuwa wamekubaliana zamani. Kilichobaki kilikuwa wazazi kukubaliana kwamba wamekubaliana. Walikwenda na kitambaa cha mama, mbuzi, na rubisi, pombe ya ndizi, ya kutosha. Wakapokelewa vizuri. Wakaletewa akamwani kwenye kikapu kidogo cha ukindu, kila mmoja akachukua, sebule nzima ikatafuna kwa utulivu. Halafu Ta Rutaihwa akakohoa kidogo, ishara kwamba anataka kusema, watu wakameza.

Kutafuna kukaendelea.

Ta Rutaihwa akanyamaza, maana si vizuri kumsemesha mtu ambaye hajamaliza. Wote wakasubiri. Walisubiri mpaka kuku akaingia ndani, akazunguka, akatoka.

"Nani bado anakula?" aliuliza Bibi Benadetha kutoka kwenye mkeka wake. Huyu alikuwa mama yake Ta Rutaihwa. Macho yalikuwa yamemchoka, masikio bado.

Kila mmoja akamtazama jirani yake.

"Basi fungueni midomo. Mimi sioni, wengine waangalie kwa niaba yangu."

Wageni wakafungua midomo, na wenyeji nao kwa heshima. Alipofungua Avit, harufu ilitangulia. Bibi Benadetha aliipokea bila kugeuza uso. Akajikongoja hadi kwenye kiti cha Avit, akamwekea sikio kifuani, akasikiliza kwa muda, huku mkono mmoja unatafuta fimbo.

"Ni huyu," alisema. "Meno yake yamo humu."

"Yote?" Georgina aliuliza.

"Yaliyotoka. Mengine bado yanafunga mizigo."

Mzee Kamugisha akasema afadhali yamepatikana. Bibi Benadetha akarudi mkekani, na kwa kuwa sebule ilikuwa inamsubiri, akaeleza. Zamani, alisema, watu wawili wakitaka kuwa ndugu walikula mukago. Buni moja inapasuliwa, ndani kuna mbegu mbili. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, mbegu inapakwa damu, huyu anameza ya yule na yule ya huyu. Kuanzia hapo hakuna kunyimana. Mwenzio akibomokewa na nyumba, anahamia kwako, huwezi kumwambia hakuna nafasi.

"Sasa wewe, mjukuu wangu, kule mtumbwini unatafuna akamwani?"

"Natafuna, Bibi. Mae hunifungia za kwenda nazo."

"Na fizi zinatoka damu?"

"Zinatoka."

"Na makapi unatema?"

Avit alifikiri. "Nikiwa navuta wavu sitemi. Mikono yote iko kwenye kamba. Nameza."

"Umeona? Umemeza buni yenye damu ya fizi, si mara moja. Mdomo wako na moyo wako wamekula mukago, na wewe hukualikwa. Fizi zimebomoka, meno yamehamia kwa ndugu yao."

Ikaonekana ni maelezo yanayojitosheleza. Waliokuwa na akamwani mkononi waliirudisha kikapuni. Ta Rutaihwa ndiye aliyechukua muda. Alizungumza taratibu, kama anavyomuuliza mteja anataka suruali ipunguzwe kiasi gani.

"Mimi kijana sina neno naye. Ila kitu chenye meno lazima kitafune kitu. Huko ndani kuna ndizi? Kuna samaki? Hakuna. Kuna yeye. Kwa hiyo kinamtafuna yeye." Akamgeukia Mzee Kamugisha. "Binti hatuwanyimi. Lakini hatuwezi kumpa harusi na ujane kwenye sanduku moja. Mtibuni, mje tena."

Kutoka nyuma ya mlango, ambako hakutakiwa kusikia, Annastella akasema, "Mpelekeni hospitali basi, mnakaa kumsikiliza kama redio! Na huyo Kahigi anayesema damu chafu iachwe itoke, mmemwona meno yake? Ana mawili, nayo hayasemezani."

Georgina alimpenda kuanzia siku hiyo.

Walipokuwa wanarudi nyumbani Bukoba, alikaa kiti kimoja na mwanawe na kusikiliza. Alimkumbuka Zahoro, na kifua kilichotafuna mpaka udongo. Hakulia. Alihesabu kwa ulimi meno yake mwenyewe, kisha akaanza upya.

Hospitali waliyokwenda ilikuwa na ukumbi mrefu wenye benchi katikati. Upande wa kushoto kulikuwa na mlango wa moyo, upande wa kulia mlango wa meno. Wagonjwa wa moyo walikaa kwenye benchi wakitazama kushoto, wa meno wakitazama kulia, migongo ikigusana. Georgina na Avit hawakujua wakae upande gani, wakakaa kwenye ncha.

Mlango wa moyo ulikuwa wa Daktari Haidari. Alimwekea Avit kile kipimo cha masikioni.

"Vuta pumzi. Toa. Usitafune."

"Sitafuni, Daktari."

"Sikusemi wewe."

Alisikiliza mbele na mgongoni. Akasema ni kweli, kutafuna kunasikika vizuri, upande wa kushoto ndiko kunatafunwa zaidi, na milango ya ndani ya moyo, vali, imeshaanza kuliwa kingo. Alisema anawaona wengi. Akaeleza kwamba fizi yenye kidonda ni kama ua lililobomoka: vijidudu vya mdomoni vinapita, vinaingia kwenye damu, na damu njia yake ni moyoni, haina kwingine. Atamlaza, atamchoma sindano kila siku, na sindano zitachukua wiki, wasidanganyike kwamba zitaisha mapema.

"Lakini nikichoma huku mdomo unaleta vingine, nitakuwa nadeki nyumba inayovuja. Mdomo lazima usafishwe."

"Basi uangalie mdomo, Daktari," Georgina alisema, na Avit akafungua.

Daktari Haidari alitazama dirishani kwa adabu. "Mdomo si wa mlango huu, mama. Nenda mlango wa pili."

Mlango wa pili ulikuwa wa Dada Rahima, mganga wa meno, mwanamke mpana mwenye mikono midogo. Benchi la upande wake lilikuwa limejaa na watu wengine walisimama. Zamu ya Avit ilipofika aliangalia, akatikisa jino moja kwa kidole, likaitika.

"Hili tunang'oa."

"Tumeambiwa kusafisha fizi," alisema Georgina.

"Huku tunang'oa, mama. Ndiyo kazi iliyopo."

Akang'oa. Halikusumbua. Akaliachia kwenye sahani ya bati, lakini sahani haikulia. Dada Rahima akaangalia sahani, akaangalia koleo, akainama akaangalia chini ya kiti kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka. Halafu wote watatu wakasikia kifuani mwa Avit kitu kinakaa sawa, na kutafuna kukawa kuzito kidogo.

"Limeenda," alisema Dada Rahima.

"Ndiyo hivyo," alisema Georgina. "Sasa ukiyang'oa yote?"

"Yataenda yote. Jino si tatizo, mama yangu. Nyumba ya jino ndiyo imeoza. Angalia huu ukoga, umekuwa jiwe, umeingia mpaka chini ya fizi. Huu ndio unaotakiwa kutoka."

"Unatolewa wapi? Mwanza?"

"Hapa hapa. Vyombo ninavyo." Akafungua droo, akamwonyesha, vilikuwa vinang'aa. "Ila kung'oa ni mara moja, kusafisha mtu kama huyu ni asubuhi nzima. Nikimsafisha mwanao, hao wa nje watavunja mlango. Watu wakiumwa jino hawana dini."

"Na daktari wa moyo anajua kwamba huku mnang'oa tu?"

"Sijui anajua nini. Namfahamu kwa kikohozi, kinapita ukutani."

"Kwa nini msiwe na mlango mmoja?"

Dada Rahima alifikiria swali hilo kwa haki yote. "Jengo lilikuja hivi," alisema.

Georgina akatoka ukumbini. Alikuwa na kikapu chake, maana baada ya hospitali alitegemea kupitia sokoni. Akaanzia mwanzo wa benchi, akainama kwa kila mtu na kumtolea akamwani kwa mikono miwili, kama mtu amekaribisha kwake. Sasa akamwani ikitolewa namna hiyo haikataliwi, hata na mwenye jino bovu. Anatafunia upande mzima. Wakachukua. Wakachukua wa meno, wakachukua na wa moyo, na mzee mmoja aliyekuwa anapita tu akachukua, akakaa.

Walipokuwa wanatafuna, Georgina akasema, "Mwanangu yuko kwenye kiti kule ndani. Ninaomba asafishwe fizi, itachukua asubuhi. Nawaombeni mnisubirie."

Hapo hawakuwa na la kufanya. Mtu ukishatafuna kahawa yake, wewe ni mgeni wake, na mgeni hamharakishi mwenyeji.

"Umetukamata, Mae," alisema mzee aliyekuwa anapita.

"Umetukamata kweli," alisema kijana mwenye shavu lililovimba. "Mimi nilidhani ni ukarimu."

"Ni ukarimu," alisema Georgina, akaketi nao.

Mlango wa meno ukafungwa, Dada Rahima akaanza kukwangua. Ukumbini maongezi yakanoga, bei ya vanila, senene mwaka huu watakuja au hawaji. Kisha, mmoja mmoja, watu wakamaliza akamwani zao, wakafuta midomo, na pakawa kimya.

Lakini benchi likaendelea kutafuna.

Lilikuwa linatafuna pande zote mbili. Kulikuwa na kifua cha yule kijana wa shavu, na cha mama mmoja mwenye mtandio wa kijani, na vya watu wawili watatu waliotazama mlango wa moyo, vinakwenda kwa mwendo mmoja kama ng'ombe waliolala. Wenye vifua walijiangalia. Yule mama wa mtandio akasema alidhani ni tumbo. Dada Rahima akafungua mlango, glavu zikiwa na damu, akasikiliza.

"Kumbe ni nyie," alisema. "Siku zote nafikiri ni panya darini." Akafunga, akarudi kwa Avit.

Asubuhi ile Avit alitoka na mdomo unaouma na meno yaliyobaki yamekaa peke yake, meupe kwa chini kama miguu iliyovuliwa viatu. Akalazwa upande wa Daktari Haidari. Sindano zilichukua wiki zake kama alivyosema. Dada Rahima akampa Georgina kazi: mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, kwenye mstari ule jino linapokutana na fizi, na damu ikitoka asiache, azidi upole lakini asiache.

Georgina alisimama kando ya kitanda kila mara, anaangalia, kama alivyomsimamia akiwa mdogo.

"Mae, mimi ni mwanaume mzima."

"Nyuma hujafika."

"Wagonjwa wanatuangalia."

"Waangalie wajifunze. Nyuma, huko juu."

Siku za kwanza povu lilikuwa la waridi. Baadaye likawa jeupe. Fizi zikashuka, zikapata rangi ya fizi, zikashika meno. Hakuna lililoondoka tena. Homa ikaisha, na siku moja Avit akapanda kile kilima bila kuangalia ziwa.

Meno yaliyokwisha kuhamia hayakurudi. Daktari Haidari alisema hajawahi kuona yanarudi, na kingo zilizoliwa zimeliwa, itabidi aje kupimwa kila mara. Kifua cha Avit kinatafuna mpaka leo. Kinatafuna yeye anapokula, kwa mwendo wake, na yeye akimaliza au akilala nacho kinapunguza mwendo. Akipiga mswaki kinanyamaza kabisa, kama mtoto anayesubiri zamu yake bombani.

Walipokwenda Muleba mara ya pili, Bibi Benadetha aliweka tena sikio. Safari hii akamaliza haraka.

"Wanakaa vizuri," alisema. "Mukago ukiheshimiwa, ndugu hamli ndugu. Lakini msije mkasahau kuifagia nyumba ya mbele."

Ta Rutaihwa akapima kwa sikio lake pia, kwa sababu ni fundi, akaridhika. Harusi ilifanyika wakati wa mbalamwezi, ili wavuvi wawepo. Wanawake walipomuuliza Annastella jikoni kama analala usingizi pembeni ya kitu kinachotafuna, alisema ni kama kulala karibu na ng'ombe anayecheua. Usingizi unakuja haraka, na ukiamka unajua mambo ni mazima. Georgina alikuwa anakoroga mchuzi, alisikia, akaongeza chumvi ingawa ilishatosha.

Avit alirudi Bumbire. Mswaki wake ameufunga kamba, anauvaa shingoni, wenzake wanamwita Padri. Ta Kahigi bado anawagawia gongo ya kusukutulia na bado anasema damu chafu iache itoke. Kambini, mitumbwi ikiwa imevutwa mchangani na upepo umelala, kunasikika kutafuna kwenye vibanda ambavyo hakuna anayekula.

Hospitali iko vile vile. Daktari Haidari ni mtu mwema, anasikiliza kifua na kutazama dirishani. Dada Rahima ni mtu mwema, anang'oa. Vile vyombo vinang'aa kwenye droo. Benchi limeongezwa jingine, la chuma, nalo limewekwa mgongo kwa mgongo na la kwanza.

Georgina alikwenda pia Kashai, kwa Maulida, mjane wa Zahoro. Alibeba akamwani na miswaki ya watoto. Walikaa kwenye varanda, bodaboda zinapita.

"Nilitaka kukuuliza jambo moja tu," alisema Georgina. "Fizi zake zilikuwaje?"

Maulida alitafuna mpaka akamaliza. "Zilikuwa zinatoka damu," alisema. "Aliwahi kwenda mlango wa moyo. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo."

Baadaye Maulida akaita watoto waje wachukue miswaki, kila mmoja rangi yake, wasichanganye.

Siku hizi anayekuja Nshambya kununua akamwani hapimiwi kwanza. Anaambiwa haya kwanza, na asiyetaka kusikiliza anaweza kununua kwingine:

Usiache mswaki kwa sababu fizi inatoka damu. Inatoka damu kwa sababu uliuacha.

Usiseme ni damu chafu. Ni damu yako ile ile inayokwenda moyoni.

Usisukutue kwa gongo wala petroli.

Usisugue kwa mchanga, wala kwa nguvu kama unasugua sufuria.

Usitumie mswaki wa mwenzio, hata wa mume.

Usivute sigara na fizi zimevimba. Wala zikiwa hazijavimba.

Usifurahi jino likitoka lenyewe bila kuuma. Uliza limekwenda wapi.

Usikubali kung'olewa ukaenda nyumbani, bila kuuliza fizi zitasafishwa lini.

Ukienda mlango wa moyo, usitoke bila kusema habari za mdomo. Ukienda mlango wa meno, usitoke bila kusema habari za kifua. Usisubiri wakuulize, hawatakuuliza.

Usimpeleke mtoto wako kisiwani bila mswaki, hata akiwa na ndevu.

Na ukikaa na mtu, mdomo wake umefungwa na unasikia anatafuna, usimsifu adabu. Mwambie afungue, uone.